Sumaki Kabla ya Limau

Walioona neno "sumaki" kwenye tangazo la mkutano wetu wa Septemba wakadhani tumekosea kuandika "sumaku", tunawasamehe. Mama wa mmoja wetu, tulipomweleza kwa simu kwamba tumetengeneza juisi ya sumaki, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama huko chuoni tunakula vizuri. Sumaku hunasa misumari. Sumaki ni tunda dogo jekundu, kali kama ndimu, linalozaa kwa vishada kwenye vichaka vya kando ya barabara hapa Wisconsin. Ndugu yake huota katika milima ya Palestina, Syria, Uturuki na Iran. Katika kamusi mbili zilizopo klabuni hatukulikuta, kwa hiyo tumelitohoa wenyewe: sumaki ni tunda, msumaki ni mti wake. Mwalimu atakayekuwa na neno bora atuambie.

Mwishoni mwa Agosti tulikuwa watu sita kwenye ile njia ya baiskeli ambayo zamani ilikuwa njia ya reli. Misumaki ilikuwa imejipanga pande zote mbili, vishada vyake vimesimama wima kama mienge. Mwenzetu anayesomea misitu akasema matunda yale hutengenezwa kinywaji. Mwenzetu mwingine, aliyekulia Maskati kwa wazazi wa Kizanzibari, akashangaa kulisikia jina. Kwao sumaki ni kikopo cha jikoni: unga wa rangi ya damu ya mzee unaonyunyizwa juu ya saladi na nyama ya kuchoma. Hakuwahi kufikiri kwamba unga ule uliwahi kuwa tunda mtini.

Kusema kweli, mti wa kikopo chake si huu wetu. Ule wa Mashariki ya Kati wataalamu huuita Rhus coriaria, na Linnaeus aliuingiza katika kitabu chake mwaka 1753. Huu wa kwetu hapa ni Rhus typhina, aliouelezea mwaka 1756. Matawi yake machanga yana manyoya laini kama pembe changa za paa dume, na ndiyo maana Kiingereza kinaupa jina la pembe za paa. Ni miti miwili ya ukoo mmoja, iliyotenganishwa na bahari. Swali lililotukaa kichwani ni hili: ilikuwaje miti miwili iliyo mbali hivyo ikapata jina moja, na jina lenyewe likawa la Kiarabu?

Tuanze upande wa kikopo, kwa sababu huko maandishi ni mengi.

Mwaka 1982 mzamiaji wa sifongo aliona vitu vya ajabu chini ya bahari karibu na rasi ya Uluburun, kusini mwa Uturuki. Ilikuwa merikebu iliyozama mwishoni mwa karne ya 14 kabla ya Kristo. Wanaakiolojia waliifukua kuanzia 1984 hadi 1994, wakazamia mara maelfu. Shehena yake kubwa ilikuwa shaba, lakini ndani ya mitungi na katika mchanga walikuta pia mabaki ya vyakula: lozi, tini, zeituni, zabibu, giligilani, makomamanga, na sumaki. Kwa hiyo zaidi ya miaka 3,300 iliyopita sumaki ilikuwa tayari imo safarini baharini. Merikebu hiyohiyo ilibeba magogo meusi ya Afrika ambayo wataalamu wameyatambua kuwa ni mpingo. Tuliposoma hapo tulipiga kelele maktabani mpaka tukanyamazishwa. Lakini tusijivune mno. Mpingo huota pia Sudan na Ethiopia, na huko ni karibu zaidi na Misri kuliko Lindi.

Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, tabibu Dioscorides, aliyeandika kwa Kigiriki, alieleza kwamba tunda hilo hunyunyizwa kwenye chakula, na kwamba mti wake unaitwa wa watengeneza ngozi kwa sababu wao huutumia kukaza ngozi za wanyama. Maneno hayo mawili, chakula na ngozi, yashikeni, tutayahitaji mbele. Majani ya msumaki yana tanini nyingi, ileile inayokausha ulimi unapokunywa chai ya rangi iliyokaa sana. Hata jina coriaria katika Kilatini linahusu ngozi.

Neno lenyewe, summaq, Waarabu walilipata kutoka Kiaramu, na maana yake huko ni nyekundu tu. Baghdad walilipikia: kitabu cha mapishi cha al-Baghdadi cha mwaka 1226 kina summaqiyya, nyama inayopikwa kwa maji ya sumaki. Gaza chakula cha jina hilo kipo hadi leo, pamoja na mboga za majani, dengu na ufuta uliosagwa, na watu hukipika hasa wakati wa Idi. Katika nchi hizo zote limau lilikuja kuenea baadaye, likitokea upande wa India. Kabla yake, mpishi aliyetaka ukali alikuwa na siki, zabibu mbichi, komamanga, na sumaki. Ukali huo ulikuwa na kazi yake, wala haukuwa ukali wa kungojea limau lifike.

Ulaya ya kaskazini haikupokea chakula. Ilipokea ngozi. Katika Kiingereza cha Zama za Kati neno hili lilimaanisha majani makavu yaliyosagwa ya kutengenezea ngozi na kutia rangi, bidhaa iliyotoka pande za Mediterania. Sicily iliendelea kuyauza kwa wingi hadi karne ya 19, mpaka huku Marekani. Mwingereza wa kawaida aliyelijua neno hilo alilijua kwenye karakana yenye harufu mbaya. Mezani hakulikuta.

Basi Waingereza walipofika Amerika katika karne ya 17 wakaona kichaka chenye majani na vishada vinavyofanana na kile cha wafanyabiashara, jina walikuwa nalo mfukoni. Hawakuhitaji kumuuliza mtu. Neno la Kiaramu lililopitia kwa Waarabu, likapita Kilatini na Kifaransa, likatua juu ya mti ambao haukuwahi kumwona Mwarabu. Sisi watoto wa Kiswahili, lugha iliyojaa maneno yaliyosafiri hivyo, hatuwezi kulalamika kwamba neno limesafiri. Tunachoangalia ni kile ambacho jina hilo halikubeba. Lilibeba habari za ngozi. Halikubeba habari za kinywaji, kwa kuwa kinywaji hicho kilikuwa cha watu wengine.

Waojibwe, ambao nchi yao inazunguka Ziwa Superior, wanauita mti huu baakwaanaatig. Tulilikuta neno hili katika kamusi ya mtandaoni ya Kiojibwe iliyo Chuo Kikuu cha Minnesota, kamusi ambayo ndani yake unaweza kuwasikia wazee wenyewe wakitamka maneno ya lugha yao. Lilitufurahisha kwa sababu ya kisarufi. Mwisho wake, -aatig, ni wa miti. Mti wa mepo, ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, ni ininaatig. Yaani Kiojibwe kinafanya mwishoni mwa neno kile ambacho sisi tunafanya mwanzoni: ukwaju na mkwaju, ubuyu na mbuyu, baakwaan na baakwaanaatig. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayelia na ngeli ya M-MI ajue hayuko peke yake duniani.

Na miti hiyo miwili ilikutana ndani ya kikombe kimoja. Huron Smith, mtaalamu wa mimea wa jumba la makumbusho la Milwaukee, aliandika vitabu kuhusu mimea ya watu wa asili wa eneo hili: Wamenominee mwaka 1923, Waojibwe mwaka 1932. Kwa Wamenominee alieleza kwamba matunda ya msumaki yalikaushwa yakawekwa kwa ajili ya kinywaji cha majira ya baridi. Kwa Waojibwe alieleza kwamba matunda, mabichi au makavu, yalitiwa sukari ya mepo, na kinywaji chake kikanywewa cha moto au cha baridi. Sukari hiyo ilitoka kwenye utomvu uliogemwa mwishoni mwa baridi, mwezi wa tatu hivi. Ukifikiri kidogo utaona kalenda nzima humo: utamu wa Machi unakutana na ukali wa Agosti, vinanyweka Januari wakati nje ni theluji tupu.

Sasa lalamiko letu. Pande zote mbili Smith anakifananisha kinywaji hicho na limonadi. Si yeye peke yake. Vitabu vya mapishi ya porini vya Kiingereza hadi leo hukiita limonadi ya Wahindi, kwa maana ya wale ambao wazazi wetu bado wanawaita Wahindi Wekundu, jina ambalo tunaomba tuliache. Limau lililetwa. Columbus alibeba mbegu za machungwa na malimau katika safari yake ya pili, mwaka 1493, na kabla ya mwaka huo hapakuwa na limau hata moja katika bara zima la Amerika. Hapa Wisconsin mlimau ukiachwa nje haumalizi Desemba. Msumaki ulikuwa hapa. Hata hivyo, kwenye vitabu mwenyeji anajulishwa kwa jina la mgeni, na msomaji anabaki na picha ya watu maskini waliokosa malimau wakatafuta cha kubahatisha.

Katika kuandika makala hii tulibishana hapo kwa wiki nzima. Mmoja wetu alishikilia kwamba Smith hakuwa na ubaya. Aliwaandikia watu wa Milwaukee wa miaka ya 1920, na limonadi ndiyo waliyoijua. Mtu hueleza asichokijua mwenzake kwa anachokijua. Tena, alisema, turudini kwenye aya yetu ya kwanza. Sumaki ni kali kama nini? Kama ndimu. Hatuna jibu la kumnyamazisha, na aya ya kwanza tumeiacha ilivyo ili ionekane. Tunaloweza kusema ni kwamba mfano haukukaa hewani. Watu waliofananishwa walikuwa wakinyang'anywa ardhi iliyootesha mti huo, na mfano uliokifanya chakula chao kuwa cha kubahatisha ulisaidia kumfanya anayenyang'anya alale vizuri.

Maana vichaka tulivyochuma viko kwenye ardhi ya Waho-Chunk, wanaoyaita maziwa manne ya Madison Teejop. Waliitoa kwa mkataba wa mwaka 1832, baada ya vita, wakiwa hawana la kuchagua. Jeshi liliwahamisha magharibi mara kadhaa, hadi miaka ya 1870, na kila mara baadhi yao walirudi kwa miguu. Wamenominee nao, kwa mkataba wa 1854, walibakiwa na kipande kando ya mto Wolf, wakautunza msitu wake kwa namna ambayo wataalamu wa misitu huja kujifunza mpaka leo. Lakini mwaka 1954 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwafuta kama taifa, ikaanza kazi 1961, na ilichukua hadi 1973 kuifuta sheria yenyewe. Kwa miaka hiyo 12, mbele ya serikali Wamenominee hawakuwa taifa, huku kitabu kinachoeleza walivyokausha sumaki kimekaa salama kwenye rafu za maktaba. Walipigania kurudishiwa hadhi yao, wakashinda. Wapo, na wajukuu wa wale waliomweleza Smith wanaweza kuwa wamekaa madarasani pamoja nasi.

Turudi jikoni, tusije tukaambiwa tumewachosha watu bila kuwanywesha.

Chuma vishada vilivyokoza wekundu, siku ya jua, kabla ya mvua kubwa. Ukali wake unakaa juu ya ngozi ya tunda, kwenye manyoya, na mvua huuosha. Onja kwa kulamba kidole ulichogusia. Kisipokuwa kikali, acha kishada hicho. Usichume pale panaponyunyiziwa dawa, wala kwenye shamba la mtu bila ruhusa. Nyumbani vitie kwenye bakuli kubwa la maji baridi, vishada vitano au sita kwa lita mbili, uvifikiche kwa mikono, uviache saa kadhaa. Maji ya moto yanatoa tanini, na juisi inakuwa chungu. Jaribio letu la kwanza lilikuwa na ladha ya mkanda wa suruali, na hapo ndipo tulipomwelewa Dioscorides. Chuja mara mbili kwa kitambaa safi, kwani manyoya yale yanakereta kooni. Tia sukari ya mepo ukiwa nayo. Rangi inatoka waridi hafifu. Ukali wake hasa ni wa asidi ileile iliyo ndani ya tofaa bichi, si ule wa ndimu, na aliyekunywa vyote viwili anautambua.

Yeyote aliyelelewa na bibi anayeloweka ukwaju kwa ajili ya futari atakuwa ameshaona kwamba hakuna jipya hapo. Kuloweka, kufikicha, kuchuja, kutia sukari: mikono yetu ilijua kazi hiyo kabla hatujasoma ukurasa mmoja.

Kwa kiungo, vishada hukaushwa siku kadhaa mahali penye hewa. Kisha matunda hupukuchuliwa. Ndani ya kila tunda mna kokwa ngumu, na hapo tulikosea mara ya pili: tulisaga kwa mashine ya kahawa, kokwa zikasagika, tukapata kitu kama vumbi la mbao. Aliyetuokoa ni mwenzetu mwenye kinu kidogo alicholetewa kutoka Lamu. Twanga kwa mkono mwepesi ili ngozi nyekundu ibanduke na kokwa zibaki nzima, kisha chekecha. Unachopata ni kidogo ukilinganisha na jasho, lakini juu ya kachumbari, chipsi au mishkaki hakihitajiki kingi. Wa Maskati alisema wa kikopo ni laini zaidi na huwa umetiwa chumvi. Halafu akaomba kijiko kingine.

Tahadhari, na hii si ya mapambo. Kuna kichaka kingine cha ukoo huu, kinachoota kwenye mabwawa, ambacho kukigusa tu kunababisha malengelenge. Matunda yake ni meupe na yananing'inia. Ya kwetu ni mekundu na yamesimama. Usichume kama huna uhakika. Pia ukoo wenyewe ni mkubwa: mwembe na mkorosho vimo humo. Mwenzetu mmoja anayevimba midomo kwa embe hakuonja hata tone, na tunawashauri wenye tatizo kama lake wafanye hivyohivyo.

Mbali na embe na korosho, ukoo huu una watu wengine Afrika Mashariki. Baba wa mmoja wetu, mzaliwa wa Nyeri, alipoonyeshwa picha ya majani alisema jirani ya mti huo anamfahamu: muthigiu, ambao vitunda vyake yeye na wenzake walivila wakichunga mbuzi. Wataalamu waliuita Rhus natalensis, halafu wakauhamishia kwenye jina la Searsia, kwa heshima ya Paul Sears, mtaalamu wa ikolojia wa Marekani ambaye hakuchunga mbuzi Nyeri. Baba alicheka sana tulipomwambia.

Jioni ya mkutano wa Septemba tuliweka jagi mezani pamoja na sambusa, na mbele yake kikaratasi tulichokuwa tumekiandika mapema: "Juisi kama ya ukwaju." Makala ilikuwa bado nusu, na kile kikaratasi kilitutazama. Tulikikata maneno, tukaandika "limonadi", tukacheka, tukakata tena. Mwishowe tuliandika neno moja, baakwaan, na chini yake kwa herufi ndogo, sumaki. Wageni walituuliza linatamkwaje. Tulijaribu kila mmoja kwa namna yake, mpaka mmoja wetu akaenda kuwasikiliza tena wazee wa kwenye kamusi. Jagi lilikwisha kabla ya saa mbili usiku. Kikaratasi kiko kwenye ubao wa ofisi ya klabu, pamoja na kikopo cha unga kilichobaki. Wanaotaka kuonja waje kabla ya mitihani.